Kurasa Mbili Makaa Yanaposhika

Kabla sijawaambia habari ya vitabu, lazima niwaambie habari ya funza. Mnivumilie. Nimepiga pasi nguo za watu wa Kisangani kwa zaidi ya miaka arobaini, na mtu wa pasi ukimuuliza jambo haanzi pale ulipomuuliza. Anaanza kwenye kola.

Ninyi vijana mlikuja mlangoni kwangu wiki iliyopita mkaniambia, "Papa Fonsi, sisi pia tunapenda kusoma, lakini hatuna wakati. Masomo, kazi, kuchota maji, watoto. Wewe ulikuwa unapata wapi wakati?" Nilitaka kuwafukuza. Swali halikuwa baya, ila mmoja wenu aliliuliza huku anatazama simu. Basi nimeona niwaandikie. Karatasi haina macho, haitajua mnatazama wapi.

Bon. Funza. Huku kwetu nguo ikianikwa nje kuna nzi fulani anaipenda, hutaga mayai yake kwenye mishono yenye unyevu. Unavaa shati lako safi, unakwenda zako ibadani, na baada ya siku chache una jipu mgongoni, na jipu lenyewe linacheza. Ndani mna mdudu. Kinga yake ni moja, pasi ya moto, mbele na nyuma, mshono kwa mshono, hata nguo za ndani, na nepi za watoto kuliko zote. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako sijui walikuwa wakimsema nani, lakini mimi nadhani walikuwa na dobi mvivu. Wakati mmoja dobi huyo nilikuwa mimi.

Duka lilikuwa la Papa Saidi, katika mtaa tunaouita komini ya Tshopo, kwenye njia inayoshuka mtoni. Papa Saidi alikuwa Mwislamu wa zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara. Alikuwa mrefu, mkali, na alisafisha koo kabla ya kutukana, kwa hiyo ulipata nafasi ya kujiandaa. Mimi nilikuwa Mkristo, mtoto wa wavuvi wa Isangi, nimesoma miaka sita kwa mapadri, nimeoa, nina watoto wawili. Aliniajiri kwa sababu nilikuwa na mikono mikubwa. Kuhusu kusoma hakuniuliza. Yeye alijua herufi za Kiarabu alizofundishwa utotoni, na Kurani aliisoma vizuri sana, lakini za Kizungu hakujua hata moja. Mke wake alikuwa amefariki. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Juma, mpakiaji kwenye malori ya njia ya Bafwasende. Kila Juma aliporudi alileta mashati machafu na nyama ya porini, na baba yake alimfokea kwa yote mawili huku anacheka.

Sasa sikilizeni jinsi pasi ile ilivyofanya kazi, maana wakati mnaouuliza ulikuwa humo ndani. Ilikuwa pasi ya chuma, na ukifungua mfuniko wake unatia makaa. Makaa yanakutosha mashati matatu, manne kama hayana mikono mirefu, kisha yanakuwa majivu. Unatoka nje, mbali na nguo nyeupe, unamwaga majivu, unatia makaa mapya, unaigeuzia pasi upepo unakotoka, unapepea. Halafu unangoja. Unalowesha kidole unagusa chuma. Kikinyamaza, bado. Kikisema chsss, haya, kazini. Hapo katikati huna la kufanya. Wenzangu wa maduka mengine walivuta sigara, au waliwasema watu. Kwa kasi yangu ya kusoma Kifaransa, hapo katikati palikuwa na kurasa mbili.

Sikuanza kwa akili yangu. Mteja wetu mmoja, Mwalimu Likunde, mtu wa Yanonge, mwembamba, mwenye miwani, alisahau kitabu kidogo kwenye mfuko wa koti. Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, na mvua ikinyesha dobi anakaa. Nikakisoma. Mpaka wakati ule nilikuwa nimesoma katekisimu na vibao vya barabarani tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuandika mambo ambayo hayakuamrishi kitu. Mwalimu alipokuja kuchukua koti akaniuliza, "Umekisoma?" Nikasema, "Hapana, Mwalimu, mimi siingilii mambo ya wateja." Akafungua kitabu akanionyesha kidole gumba changu chote, cheupe, kimechapwa kwa wanga wa mihogo, ule wa kukazia kola, kwenye ukurasa wa ishirini. Nikatamani ardhi ipasuke. Yeye akacheka, na wiki iliyofuata akaleta kingine, amekiviringisha ndani ya shuka chafu. Kwa hiyo somo la kwanza, nawaeni mikono.

Somo la pili lilikuwa la uchungu. Kurasa mbili hazikunitosha. Nikaanza kusoma huku napiga pasi, kitabu kimeegemea kopo la maji, mkono unakwenda peke yake. Niliunguza shati la karani mmoja, mgongoni, alama ya pasi nzima. Hilo lilisameheka. Lakini siku nyingine nilikuwa na nepi za mtoto wa Mama Yaya, jirani yetu, na hadithi ilikuwa imefika pabaya, nikazipitisha pasi juu juu. Baada ya siku nne Mama Yaya akaja na mtoto mikononi. Hakupiga kelele. Alimlaza mtoto juu ya meza yangu ya pasi, akamfunua.

"Hesabu," akasema.

Majipu tisa. Mtoto hakuwa na hata miezi mitatu.

Papa Saidi alisafisha koo, kisha hakutukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Alileta mafuta ya mawese. Akanionyesha jinsi ya kuziba kila tundu kwa mafuta ili mdudu akose hewa, jinsi ya kungoja atoe kichwa, na jinsi ya kubana kwa vidole viwili, polepole, asikatike. Alikataa kunisaidia. "Ni weye uliingiza, ni weye utatosha," akasema, yaani niwatoe mwenyewe. Nilitoa tisa, mmoja mmoja, mtoto analia, Mama Yaya amemshika miguu bila kunitazama. Sijawahi kujichukia kama saa ile.

Nilidhani Papa Saidi atanikataza vitabu. Kesho yake nikakirudisha kile kitabu ndani ya shuka. Akaniuliza naficha nini. Nikamwambia. Akasema, "Kitabu haina kosa. Kosa ni kutaka yote mbili mu mukono moja. Kuanzia leo, miye napepea, weye unasoma. Kwa sauti. Na kwa Kiswahili, miye nisikie. Makala ikishika moto, unafunga. Hata kama mutu iko anakufa mule ndani, unafunga."

Ndiyo ikawa desturi ya duka letu. Yeye anapepea, mimi nasoma nikitafsiri, pasi ikisema chsss naweka kitambaa cha alama nafunga, tunapiga mashati na kubishana. Wateja walizoea. Wengine walileta nguo ambazo si chafu sana, wasikilize. Mnaniuliza wakati nilipata wapi. Nilipewa na mzee asiyejua a wala be, na alinipa kidogo, na alinizuia nisiuzidishe. Ninyi mnangoja mpate mchana mzima mtupu, mlale kwenye kiti mfungue kitabu. Wapi! Mchana huo hauji. Ukija mtalala usingizi.

Mwaka wa uhuru wazungu wengi waliondoka mbiombio. Waliacha kwetu nguo ambazo hazikuchukuliwa tena, na waliacha vitabu kwenye baraza za nyumba zao. Watu waligombania viti na sufuria. Mwalimu Likunde alipita nyuma yao na baiskeli akaokota vitabu, akavikausha, akavipanga nyumbani kwake. Katika hivyo kilikuwamo kimoja kinene, jalada la kitambaa chekundu. Alituazima miaka michache baadaye, wakati nchi ilikuwa imeanza kunuka moshi tena.

Kilikuwa hadithi ya mjane mwenye nyumba ya wageni juu ya mlima, mahali pa baridi, kwenye njia ya kuvukia upande wa pili. Mwanawe wa pekee anavuka kwenda kutafuta kazi, anaahidi kurudi kabla ya theluji. Theluji inaanguka, mtoto hajarudi. Kila mgeni anayeingia, mjane anampa supu kisha anamuuliza. Papa Saidi hakupenda kuanza kitu asichokielewa.

"Theluji iko nini?"

"Maji, Papa. Yameganda, yanaanguka meupe."

"Kama wanga?"

"Kama wanga mkavu."

"Na batu banaishi mule?"

"Wanaishi."

"Masikini dobi yabo," akasema. "Nguo itakauka lini?"

Tulikuwa tumefika karibu theluthi ya kitabu Juma alipopanda lori kwenda Bafwasende. Siku chache baadaye waasi wakaingia mjini. Barabara ikafungwa. Lori halikurudi, wala dereva, wala mtu yeyote aliyekuwa juu yake.

Vita sitawaeleza, wapo wanaovieleza vizuri kuliko mimi. Nitawaambia tu kilichotuhusu. Waasi waliwatafuta makarani, walimu, watu wa ofisi, wote waliosemekana wamekula na wazungu. Kalamu mfukoni ilikuwa kesi. Miwani ilikuwa kesi. Ukiona mtu anatupa karatasi zake chooni hukumuuliza. Jirani yetu mmoja alifukia diploma yake chini ya banda la kuku, na hata hivyo walimchukua. Asubuhi moja Mwalimu Likunde alikuja bila miwani, anapapasa njia, amebeba kifurushi cha shuka kichwani kama mteja yeyote. Alikuwa anashuka na mtumbwi kwenda Yanonge na watoto wake.

"Papa Saidi," akasema, "nikikutwa navyo nimekufa. Nikivitupa, nimekufa pia, kidogo."

"Leta," Papa Saidi akamjibu. "Hapa ni kwa dobi. Kifurushi ni kifurushi."

Tuliviweka mahali ambapo hakuna mtu angetazama. Meza ya pasi huwa ina mablanketi ya kulainisha juu ya ubao. Tukainua mablanketi, tukavipanga vitabu bapa, kingo kwa kingo, tukafunika. Na waasi wakaleta nguo zao, maana mwasi naye anaogopa funza, tukazipiga pasi juu ya vile vitabu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mimi nilitaka tuache kusoma. Niliogopa, nasema wazi. Papa Saidi akakataa.

"Papa, watatuua."

"Batatuua na bila kitabu. Soma. Polepole, lakini soma." Akapepea kidogo. Kisha akasema bila kunitazama, "Miye nataka kujua kama ile mutoto atarudia."

Nikajua hapo kwamba hakuwa anauliza habari za mlimani. Na mimi nilikuwa na siri. Kila Ijumaa alipokwenda msikitini nilibaki peke yangu dukani, na kila Ijumaa niliruka mbele nikasoma. Kitabu nilikuwa nimekwisha kukimaliza. Nilijua mwisho. Basi nikaanza kumcheleweshea. Badala ya kurasa mbili nikasoma moja. Nikaongeza maelezo ya miti, ya mawe, ya supu. Nilimwomba Mungu Juma arudi kabla hatujafika mwisho wa kitabu kile, na hiyo ndiyo sala niliyoisali kwa bidii kuliko zote maishani mwangu.

Hatukufika. Mkubwa wa kikosi kilichokaa upande wetu wa mji alileta shati jeupe, la pamba, alilitaka saa sita. Siku ile blanketi moja lilikuwa limechukuliwa na wapiganaji, tukabaki na moja jembamba. Kitabu chekundu kilikuwa juu ya vingine, kwa sababu tulikitumia kila siku na tulikirudisha kwa haraka. Na shati lilikuwa limekauka mno, nikalinyunyizia maji mengi, nikakandamiza pasi kwa nguvu zote nitoe mikunjo. Mvuke ukashuka kwenye jalada. Nilipoinua shati, mgongoni palikuwa na doa jekundu la pembe nne, limenyooka, kila kona mahali pake. Nikatia limau na chumvi nikaanika juani. Nikatia sabuni. Doa likazidi kung'aa.

Mkubwa akaja mwenyewe, na wapiganaji watatu. Akalitazama shati. Akaitazama meza. Hakuwa mjinga. Akainua blanketi.

Nje Mama Yaya alikuwa anatwanga, akaacha.

"Nani anasomaka hapa?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Nataka mjue kwamba nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Papa Saidi akasafisha koo.

"Ni miye."

"Weye? Soma."

Akakipokea kitabu chekundu, akakifungua katikati, akaweka kidole kwenye mstari akaanza. "Mama moja alikuwa na nyumba ya bageni, juu ya mulima. Mutoto yake alienda mbali. Akasema, mama, nitarudia." Aliendelea hivyo, kwa sauti yake ya Kurani, na wale wapiganaji wakasikiliza. Hata mkubwa alisikiliza. Alieleza theluji vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuieleza.

Mmoja wa wale wapiganaji, kijana mwenye kovu shingoni, alisogea nyuma yake akachungulia. Nilimwona macho yake. Yalikwenda kushoto kulia, kushoto kulia, mistari mitatu minne, kisha akayainua haraka. Mtu asiyejua kusoma hatazami karatasi hivyo. Akaniona ninamwona.

"Chef," akasema, "huyu muzee anadanganya. Angalia kidole yake. Inatoka kuume inaenda kushoto. Bazungu habasomake vile. Hajui kitu."

Kweli. Kidole cha Papa Saidi kilikuwa kinatembea kama alivyofundishwa kwenye Kurani, na yeye mwenyewe hakujua.

"Sasa unajitafutia kifo juu ya nini?" mkubwa akamuuliza.

Papa Saidi akainamisha kichwa. "Nilitaka na miye nionekane mutu ya maana."

Wakacheka. Mkubwa alicheka mpaka akajishika kiuno. "Na hizi kitabu?"

"Ya bazungu. Baliacha wakati ya uhuru. Ni mizuri kwa kulalisha nguo."

"Na huyu?" Bunduki ikanigeukia mimi.

"Huyu?" Papa Saidi akanitazama kwa dharau ambayo, naapa, sehemu yake haikuwa mchezo. "Huyu anajuaka pasi tu, na hata pasi hajui. Ona shati!"

Wakacheka tena. Mkubwa akaamuru vitabu vyote viteketezwe, na nivitie kwenye pasi mimi mwenyewe, nimpigie shati jingine kwa moto huo. Nikachana. Nikatia. Karatasi ni kuni mbaya, inawaka kwa fujo kisha inakufa, na masizi yanaruka kwenye nguo, kwa hiyo kazi ya shati moja ilichukua vitabu vingi. Chekundu kilikuwa cha mwisho. Kijana mwenye kovu alisimama karibu nami muda wote, na hakunitaja. Walipoondoka Papa Saidi alikaa chini kwenye sakafu.

Vita vilipopungua Mwalimu Likunde alirudi kutoka Yanonge, mzima, amekonda. Nilimsimulia yote nikitazama chini. Halafu akaniuliza, "Kile chekundu kilikuwa kinahusu nini?"

Nikashangaa. "Mwalimu, si chako?"

"Sikuwahi kukisoma. Nilikuwa nakiwekea likizo," akasema. "Kila mwaka nilisema, likizo hii nitapata wakati."

Sisemi zaidi juu ya hilo. Mliouliza swali mmesikia.

Lakini Papa Saidi alibaki na njaa yake. Siku chache baada ya moto ule, akipepea makaa, aliniuliza kama nilikuwa nimesoma mbele. Nikasema, kidogo tu, kurasa chache. "Na mutoto?" Nikasema, "Yuko njiani anarudi, Papa." Ala! Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Kila makaa yalipokuwa yanashika nilimwendeshea yule mtoto mlimani. Nikamvunja mguu, nikampa mchungaji wa kumtibu, nikamvusha mito. Papa Saidi alisikiliza bila kubisha, na hilo halikuwa tabia yake. Barabara ikafunguliwa. Malori ya Bafwasende yakaanza kuja moja moja, na kila lori yeye alikuwa wa kwanza kulipokea, amevaa kofia yake safi, anawauliza madereva kwa adabu. Hakuna aliyejua lolote.

Ijumaa moja hakwenda msikitini. Akakaa kwenye benchi, mikono magotini.

"Fonsi, ile Ijumaa yote nikirudia kuswali, nilikuwa naona kitambaa yako ya alama haiko pale tuliiacha. Uliisha ile kitabu zamani. Na ile mutoto yako anatembea miezi tatu, ni mulima gani ile? Niambie vile iliandikwa."

"Papa..."

"Vile iliandikwa."

Nikamwambia. Kwamba theluji ilipoyeyuka mgeni mmoja aliingia kwa mjane, akaketi mezani, akapewa supu, na akiwa anakula akaanza kusimulia, kama watu wanavyosimulia safarini, jinsi yeye na wenzake walivyomkuta kijana aliyekufa njiani, na nguo alizokuwa amevaa, na wimbo aliokuwa anapenda kama wenzake walivyosema. Hakujua anaongea na mama yake. Kwamba mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza yule mgeni kama aongezwe supu.

"Akamwongezea?" Papa Saidi akauliza.

"Akamwongezea."

"Hakumufukuza?"

"Hapana, Papa. Kitabu kinaishia hapo."

Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa kuanza. Pasi ilikuwa imepoa zamani, hakuna aliyeigusa. Mwishowe akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake, nikamsikia analia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu lori lile liondoke.

Wiki iliyofuata akasomesha hitima ya Juma. Watu wa msikiti walijaa uani. Mimi nilikaa nje karibu na viatu, nikiona haya hata kuwasalimu, kwa sababu mimi ndiye niliyemletea kifo kile, mimi na si mwingine. Baada ya dua akatoka mwenyewe na sahani ya wali na nyama ya mbuzi. Akapita wazee, akapita jamaa zake, akaja mpaka kwangu, akachuchumaa.

"Kula," akasema.

Nikala. Yeye alibaki pale amechuchumaa mpaka sahani ikabaki tupu. Akaichukua.

"Nikuongezee?"

Nikasema ndiyo. Akaenda akanijazia.